Santuri ya Jalada Jekundu

Mkwaruzo ulitangulia. Nilikuwa na miaka minne au mitano, nimelazwa chumba cha nyuma kwa sababu ya surua, dirisha limezibwa kwa kanga ili mwanga usiniumize macho. Kutoka sebuleni ikaja sauti kama ya chumvi inayomwagwa kwenye kikaango cha moto. Ilidumu muda wa kuvuta pumzi mara mbili, kisha gitaa moja likaanza kulia peke yake, taratibu, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe na bado hajaambiwa akae wapi. Nilishuka kitandani nikafuata ukuta kwa mkono mpaka mlangoni. Hapo ndipo nilipoona kitu kinachotoa sauti ile: duara jeusi linazunguka, baba yangu amechuchumaa mbele yake kama anaota moto, na mama amekaa mkekani, mikono imo ndani ya beseni la mchicha lakini haichambui.

Ni kumbukumbu yangu ya kwanza ya muziki. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitamba nayo.

Mwaka huu wenzangu wa kikundi cha waandishi, watu ambao hukutana kusomeana kazi zao na kuishia kununiana, waliniomba niwaandikie kuhusu albamu za zamani ambazo kijana wa leo anapaswa kuzisikiliza walau mara moja. Walidhani kwangu ni kazi nyepesi. Wanajua nimelelewa Kilosa, mtaa wa Mabwerebwere, katika nyumba iliyokuwa na santuri thelathini na moja. Nimewaambia mara nyingi mno. Sikuwahi kuwaambia zilikoishia.

Baba alikuwa fundi wa njia ya reli. Santuri zake zilikuja na treni, mojamoja, kwa mikono ya madereva na makondakta waliozinunua Dar es Salaam au kuzipata kwa watu waliotoka Nairobi. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, Jumapili alasiri ilichezwa albamu moja, pande zote mbili, kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Albamu si mchele uchague chuya," alikuwa akisema. "Aliyezipanga nyimbo alikuwa na akili kukuzidi wewe." Ya pili, hakuna aliyegusa santuri isipokuwa yeye. Aliitoa kwenye jalada kwa viganja, kingo kwa kingo, bila kidole hata kimoja kugusa mistari, na mimi niliposogea alinitazama mikono. Mkono wa mtoto una mafuta, alisema, na mafuta yanaua sauti. Niliruhusiwa jalada tu. Kwa hiyo albamu zile nilizijua kwa masikio na kwa majalada. Uzito wa santuri yenyewe sikuujua kabisa.

Ile ya jalada la kijani ningemwambia kila mtu aisikilize. Wanaume saba wa bendi ya dansi wamesimama kwenye ngazi za jengo fulani, suti zinafanana, viatu havifanani. Kila wimbo unaanza kama barua: mtu analalamika kwa adabu, anamwita shemeji, anamwita mjumbe, anaeleza alivyoachwa. Unaweza kudhani hautakwenda popote. Kisha katikati gitaa la solo linageuka, besi inaanza kuruka, na yule aliyekuwa analia anaanza kucheza juu ya msiba wake mwenyewe. Siku hizi watu hukata ile nusu ya kwanza na kubakiza chemko, pale kasi inapopanda. Hawajui wanachocheza. Furaha ile ni ya mtu aliyekwisha kusema yote akaona haikusaidia.

Ilikuwepo nyingine kutoka Kongo, haina jalada, imefungwa kwa gazeti. Hakuna aliyejua Kilingala nyumbani kwetu, na mama akajipa kazi ya kuutafsiri wimbo wa tatu. Alisema ni wa mwanaume aliyemkataa mtoto wake, na kila sauti ya juu ilipopanda aliitikia kwa kichwa: "Umemsikia? Anakana tena!" Nimekuja kukutana na mtu anayeijua lugha hiyo. Aliniambia kwamba wimbo mzima ni wa kumsifu mwenye duka la vitambaa. Sijawahi kumwambia mama.

Na ile ya taarabu, yenye fidla nyingi na mwimbaji mmoja mtu mzima. Mwanamke yule alibeba kinyongo cha miaka bila kupandisha sauti hata mara moja. Nilipoanza kuandika riwaya nilimkumbuka yeye kabla ya mwandishi yeyote. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba anayepiga kelele bado anatarajia kitu.

Lakini albamu ya nyumba yetu ilikuwa ya jalada jekundu. Picha yake ni gitaa lililoegemezwa kwenye kiti kitupu. Upande wa kwanza ulikuwa wa baba, nyimbo tano za kuchezwa, na alizicheza kweli, akiwa amevaa soksi. Upande wa pili ulikuwa wa mama. Hata waliuita hivyo: "upande wako," "upande wangu." Nyimbo nne, zote za polepole, na wa kwanza ulianza na lile gitaa la peke yake nililolisikia nikiwa na surua. Gitaa lile linakwenda muda mrefu bila ngoma yoyote, mpaka msikilizaji anakata tamaa ya kusikia mtu. Ndipo mwanamke anaingia, na tumba zinaingia naye, pamoja, kama mtu na vishindo vyake. Mama aliniambia alipokuwa binti kwao Malolo, kijana wa reli alikuja kumposa akiwa na santuri ile kwapani, na hakukuwa na mashine ya kuichezea kijiji kizima. Akamwimbia wimbo wote kwa mdomo, gitaa pamoja na tumba, mbele ya wajomba zake. Wajomba walicheka mpaka wakakubali.

Mashine ya kuchezea aliinunua mama mwenyewe, kwa vitunguu vya shamba lake la Malolo, mwaka wa pili wa ndoa.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja baba alihamia Mikumi kwa mwanamke mwingine. Talaka ilikuja baadaye mwaka uleule, na baada ya talaka wakaja ndugu wa pande zote mbili, wakaketi sebuleni kugawa vitu. Vitanda viligawanyika, baiskeli, mabati. Walipofika kwenye muziki, mjomba wangu mmoja alisema jambo la akili pekee lililosemwa siku ile: "Hivi viwili vikae kwa mmoja, yeyote. Vikitenganishwa vimekufa vyote."

"Mashine ni jasho langu," mama alisema.

"Na santuri ni zangu," baba alisema. "Hakununua hata moja."

Wakagawana kama watu wanaogawana jembe, huyu chuma, huyu mpini. Tangu siku ile, kwa miaka kumi na tisa, Kilosa kulikuwa na mashine isiyo na santuri, na Mikumi santuri zisizo na mashine. Mama aliifuta vumbi kila Jumamosi na kuirudishia kitambaa chake cha kufuma juu. Sikuwahi kumsikia akilalamika kwamba haichezi. Nadhani kila mmoja aliridhika kujua kwamba mwenzake naye hasikii.

Baba alipoondoka mama alipata kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Alisimama pembeni mwa injini ile kuanzia asubuhi hadi magharibi, amejifunga kitambaa puani dhidi ya unga, masikioni hana kitu. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, na ya chuo. Unga ulitoka mwilini kila jioni kwa maji ya ndoo moja. Kelele haikutoka. Kwanza aliacha kusikia mlio wa simu. Kisha akaanza kuitikia salamu za watu kwa kuwatazama midomo. Mwaka jana nilimpeleka kwa daktari, akampima, akaniambia mimi, kwa sababu yeye asingesikia, kwamba mishipa ya masikio inakufa na kinachobaki kitakwisha, pengine ndani ya mwaka. Nilimwandikia mama kwenye karatasi. Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba.

Wiki mbili baadaye, tukiwa tunachambua maharage, alisema bila kunitazama, "Nataka nisikie upande wangu kabla sijafungwa masikio."

Nilikwisha kuutafuta kwenye simu. Nyimbo za siku zile zipo huko, zimekatwakatwa na kupewa majina yasiyo yake, na nilipata wimbo mmoja wa upande wa kwanza, umerekodiwa kana kwamba bendi imo ndani ya mtungi. Upande wa pili haupo. Hata ule mmoja nilipomwekea sikioni, mama aliisukuma simu. "Mbu huyo," alisema. "Mimi nataka sanduku lile litikise ubao."

Kwa hiyo nilipanda basi kwenda Mikumi.

Baba ana baa yenye vyumba sita vya wageni kando ya barabara kuu, mahali malori yanapopunguza mwendo. Wageni wake ni madereva na, mara mojamoja, watalii wasiotaka kulipia hoteli za mbugani. Mke wake alinipokea. Ni mwanamke mchangamfu, ananizidi miaka kumi hivi, na sijawahi kupata sababu ya kutosha ya kumchukia ingawa nimetafuta.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mwandishi! Umekonda hivyo, kwani vitabu haviliwi?" Akanikalisha, akaniletea soda na karanga. "Baba yako yupo nyuma anabishana na tangi la maji. Kula kwanza."

Karanga zilikuwa kwenye bakuli jeusi lenye kingo zilizojikunjakunja kama ua la boga. Nilichukua karanga tatu, na chini yake nikaona mistari. Mistari myembamba, mingi, inazunguka. Nikazisogeza karanga kwa kidole. Katikati ya bakuli kulikuwa na karatasi ya duara, na kwenye karatasi ile, limepindapinda lakini linasomeka, jina la wimbo wa kwanza wa wale wanaume saba wa jalada la kijani.

"Umelipenda bakuli?" mama mdogo aliuliza. "Chukua, yapo mengi. Unaipasha moto kidogo inalegea, unaifunika juu ya sufuria, ikipoa inabaki hivyohivyo. Wazungu wakiyaona wanachanganyikiwa."

"Zimebaki ngapi?"

"Bakuli?"

"Santuri, mama mdogo. Ambazo hazijawa bakuli."

Alinitazama, akaacha kucheka. "Muulize baba yako. Fundi ni yeye, mimi naweka karanga tu."

Baba alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Amezeeka vizuri, na hilo nalo liliniuma. Nilimwamkia, akaitikia, akaona nilivyolishika bakuli.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Santuri bila mashine ni plastiki. Nilimwomba mama yako aniuzie ile mashine mara tatu, nikatuma watu. Akamjibu wa mwisho kwamba atafugia kuku ndani yake kabla hajaniuzia. Sasa nifanye nini? Nizitazame?"

"Ungetupa sisi."

"Na ninyi mngenipa mashine?"

Tusingempa. Nikamwambia nilichofuata. Nilimweleza habari ya masikio, ya mashine ya kusaga, ya daktari. Alisikiliza amesimama. Nilipotaja jalada jekundu aligeuka akatazama barabara, lori likapita, akangoja sauti yake iishe.

"Mwaka mmoja?"

"Pengine pungufu."

Akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu kuliko mtu anayejua kitu chake kilipo. Alipotoka alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko jalada jekundu, gitaa na kiti kitupu, kona moja imeliwa na mende. Akaniwekea mikononi. Lilikuwa na kitu ndani, nilihisi uzito. Nilipeleka kidole kwenye ule mdomo wa jalada ili nichungulie, kisha nikakirudisha. Nina miaka thelathini, nimechapisha vitabu viwili, na mkono wangu uliogopa mafuta yake wenyewe. Baba aliuona. Alikuwa anautazama mkono wangu tangu mwanzo.

"Nitaileta mwenyewe Jumapili," alisema akilichukua tena. "Kitu hiki hakipandi basi na watoto."

Niliichukua kauli ile kwa upole alioivalisha. Njia nzima ya kurudi Kilosa nilikuwa nampunguzia makosa. Zote nyingine alizichoma, nilijiambia, lakini ile aliibakiza. Kumbe moyoni alikuwa na kabati la kutunzia kitu kimoja.

Mashine ilikuwa haizunguki. Mpira wa ndani ulikuwa umeoza kuwa kama lami. Fundi redio wa Mabwerebwere alikata ukanda mwembamba kwenye tyubu ya baiskeli, akauzungushia, ikaanza kwenda. Mama aliweka kiganja juu ya sanduku lenye spika akauhisi mngurumo wake, akacheka peke yake kama mtu aliyetekenywa.

Jumapili aliniambia hatapika. "Anakuja kuleta santuri, haji kula." Saa nne nikakuta ameshaunga kuku. Alivaa kitenge ambacho nilikuwa nimemletea na hajawahi kukivaa, akapaka wanja, akaufuta, akaupaka tena.

"Umependeza," nilimwambia.

"Nini?"

"Umependeza!"

"Usipige kelele, majirani watasema tunagombana. Njoo mbele yangu useme kwa mdomo mpana." Nikaja mbele, nikarudia. Akanisukuma kwa mkono. "Nenda huko. Nimevaa nguo tu."

Baba alipiga hodi mara tatu kabla sijasikia kutoka jikoni. Mama alikuwa sebuleni, hatua nne kutoka mlangoni, na hakutikisika. Nadhani hapo ndipo baba alipoelewa hali ilivyo. Nilipofungua, uso wake ulikuwa umebadilika, una kitu nilichokiita huruma. Sasa nakiita hesabu.

"Karibu, mzee wa reli," mama alisema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe. "Umechelewa miaka kumi na tisa. Treni zenu ndivyo zilivyo."

Baba alicheka, kweli kabisa. "Hujambo?"

"Sijambo. Ukisema na mimi fungua mdomo, masikio niliyaacha mashineni."

Alikaribishwa kiti. Hakukaa. Alichuchumaa mbele ya mashine vilevile kama zamani, magoti yakalia, akatugeuzia mgongo. Akaitoa santuri kwenye jalada kwa viganja viwili, haraka, akaiweka. Mama alivuta kigoda, akakaa ubavu kwa ubavu na sanduku, sikio la kulia limegusa kitambaa cha spika, vidole vya mikono yote miwili vimelala juu ya ubao.

"Naanza na upande wako," baba alisema, kwa mdomo mpana.

Mama akafumba macho. Sindano ikashuka. Na baada ya mkwaruzo yakaja matarumbeta, matatu au manne kwa pamoja, na chini yake ngoma na tumba zinakimbia.

Nilijua kabla pumzi yangu haijatoka. Haukuwa upande wa pili wala wa kwanza. Haikuwa albamu ile. Ilikuwa santuri nyingine, ya bendi ambayo hata sikuikumbuka, imevalishwa jalada jekundu. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama kisogo cha mama, na alipohisi macho yangu aliinua mkono kidogo, kiganja wazi, kama mtu anayemwomba dereva asimame.

Nilinyamaza. Nataka hili liandikwe kama lilivyokuwa: nilinyamaza. Nilimwona mama amefumba macho, wanja umekaa vizuri, uso umetulia kuliko nilivyouona kwa miaka, nikafikiri, kama furaha imeingia kwa mlango wa uongo, mimi ni nani wa kuitoa? Kwa hiyo kwa dakika kadhaa tulikuwa waongo wawili.

Mama akafumbua macho. "Gitaa limeanza?" aliuliza.

Baba akazunguka, akaja mbele yake, akapiga magoti ili amwone vizuri. "Limeanza," alisema.

Kisha akafanya jambo ambalo bado sijapata pa kuliweka. Akaanza kuimba bila sauti. Midomo yake iliunda maneno ya wimbo wa mama, ule alioimba Malolo mbele ya wajomba, neno kwa neno, taratibu, akivuta pale mwimbaji anapovuta, wakati nyuma yake matarumbeta ya watu wengine yanapayuka. Hakukosea hata neno moja. Mama alimtazama midomo. Alimtazama mpaka wimbo ukaisha, na ulipokuja wa pili, wenye tumba nyingi zaidi, akaendelea kumtazama, na baba akaendelea na wa pili wa upande wa mama, jasho linamtoka kwenye paji. Ilikuwa alasiri ya joto.

Mama akanyanyua sindano kwa mkono wake. Ukimya ulipoingia, kwake haukuwa tofauti kubwa; sisi wawili ndio tuliotikisika.

"Tumba," alisema. "Zimeanza tangu mwanzo. Wimbo wangu hauna tumba mpaka mwanamke aje." Akainua vidole vyake kumi akamwonyesha, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. "Hivi bado vinasikia."

Baba alikaa chini sakafuni.

"Iko wapi?"

Baba akasema kitu kifuani mwake. Mama akanigeukia. "Anasemaje?"

"Anasema ilikuwa ya kwanza," nilisema.

"Sikusikii."

"Ilikuwa ya kwanza!" Nililisogelea sikio lake, nikapaza sauti, na nje jirani aliyekuwa anatwanga akaacha kutwanga. "Kuifanya bakuli! Alikuwa hajajua moto wa kiasi gani! Ikaungua!"

"Haikuwa hata bakuli?"

Nikamtazama baba. Akatikisa kichwa. "Haikuwa hata bakuli!" nikapiga kelele. "Aliitupa!"

Mama alifikiri. "Muulize kwa nini alianza na hiyo. Zilikuwa thelathini na moja."

Baba hakuwa na haja ya kuulizwa, alikuwa amesikia. Alipojibu alisema kweli, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile. "Ndiyo niliyodhani sitaihitaji tena."

Nilitamani kulipunguza neno lile. Nilikuwa na nafasi. Lilikuwa linapita kwangu. Lakini nilikwisha kumdanganya mara moja kwa kunyamaza. Nikainama nikamfikishia lote, neno kwa neno, na niliposema "sitaihitaji tena" niliona jinsi kope zake zilivyoshuka na kupanda.

Mama akaitoa ile santuri ngeni kwenye mashine. Aliishika kwa viganja, kingo kwa kingo, hakuna kidole kilichogusa mistari. Akaiingiza kwenye jalada jekundu, akampa baba. "Nenda nayo," alisema. "Sina hasira. Ningekuwa na hasira kama ningekuwa nimedanganyika."

Baba aliinuka kwa kushika kiti. Kuku alikuwa bado jikoni, amefunikwa, na hakuna aliyemtaja. Alifika mlangoni, akasimama, akageuka. Alimtazama mama, akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo ndani ya nyumba hiyo mimi tu nilikuwa nimebaki wa kuisikia: "Nisamehe. Nilitaka tu uone kwamba niliitunza."

Mama aliona midomo inacheza lakini alikuwa mbali, na jua lilikuwa nyuma ya mtu yule. "Anasemaje?"

Baba akanigeukia. Alingoja. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyempa mwingine barua na sasa anamwona akiitazama bahasha.

"Anaaga," nilisema, kwa mdomo mpana.

"Haya," mama alisema, akiwa ameshaanza kukirudisha kitambaa cha kufuma juu ya mashine. "Safari njema."

Baba alisimama kidogo zaidi, kana kwamba huenda nikajisahihisha. Kisha akaliweka jalada kwapani, akavuka kizingiti, nami nikaufunga mlango nyuma yake.